Oscar Micheaux na ujio wa sauti: dairekta namtetea, mwandishi ana maswali ya kujibu

Ukitaja jina la Oscar Micheaux kwa watu wanaofuatilia sinema za zamani za Marekani utakutana na kambi mbili ambazo hazielewani kabisa. Kambi ya kwanza inasema huyu ndo baba wa sinema ya Weusi Marekani, mtu aliyetengeneza filamu zaidi ya 40 kati ya 1919 na 1948, anaandika mwenyewe, anaongoza mwenyewe, hela anatafuta mwenyewe na kusambaza anasambaza mwenyewe, wakati Hollywood ilikuwa inamtaka Mweusi awe mpishi au mchekeshaji basi. Kambi ya pili inasema sawa, heshima yake apewe, ila tuwe wakweli, muvi zake hasa zile za sauti ni mbovu, waigizaji wanasahau mistari, taa hovyo, stori inakatika katika, na juu ya yote anawasema Weusi wenzake vibaya. Mimi naona zote mbili zinakosea sehemu moja, zinamchukulia kama kesi moja. Jamaa alivaa kofia mbili, ya dairekta na ya mwandishi wa skripti, na kesi hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Alizaliwa 1884 kule Illinois karibu na mji wa Metropolis, baba yake alizaliwa mtumwa. Akafanya kazi ya uhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya treni, yale ya kampuni ya Pullman, akadunduliza, akaenda kununua ardhi South Dakota na kulima katikati ya majirani karibu wote Wazungu. Kilimo kikamshinda, ndoa yake na binti wa mchungaji kutoka Chicago ikavunjika na akamlaumu baba mkwe maisha yake yote, akageukia kuandika vitabu na kuviuza mlango kwa mlango. Mwaka 1918 kampuni ya Lincoln, ya ndugu wawili Weusi George na Noble Johnson, ilitaka kutengeneza filamu ya riwaya yake The Homesteader, yeye akasema nakubali ila nataka niwepo kwenye utengenezaji, wakakataa, basi akaanzisha kampuni yake, akawauzia hisa wakulima Wazungu wa maeneo ya Sioux City, na Februari 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago. Hajawahi kushika kamera kabla ya hapo.

Sasa kwa nini nasema dairekta namtetea? Tafuta Within Our Gates ya 1920, uangalie dakika za mwisho mwisho. Familia ya Weusi inanyongwa na kundi la Wazungu, moto unawashwa, na wakati huohuo kwenye nyumba nyingine mzee wa Kizungu anamshambulia Sylvia, binti wa kulelewa wa familia hiyohiyo, na Micheaux anaruka huku na kule, kamba, moto, mikono ya yule mzee, moto tena, mpaka mzee anaona kovu kifuani kwa binti na kugundua kwamba huyu anayetaka kumbaka ni damu yake mwenyewe. Hilo lilikuwa jibu kwa The Birth of a Nation ya 1915 iliyomchora Mweusi kama mbakaji, na amejibu kwa silaha ileile ya uhariri wa kuchanganya matukio mawili. Bodi ya ukaguzi Chicago iliikataa kwanza, kwa sababu mji ulikuwa umetoka kwenye ghasia za rangi za kiangazi cha 1919 na watu waliogopa itawasha moto upya. Mtu asiyejua kazi hawezi kupanga tukio lile. Hawezi!

Kwa hiyo ukiniambia mtu huyohuyo miaka kumi baadaye amesahau kuongoza, lazima tuulize kilichotokea katikati. Kilichotokea ni sauti.

Filamu ya kimya ilikuwa rafiki wa mtu maskini. Unaenda na kamera kwa rafiki yako mwenye nyumba nzuri, unapiga sebuleni kwake, mwigizaji akikosea maneno hakuna anayesikia, unaweka kadi ya maandishi na maisha yanaendelea, na kwenye uhariri unaweza kukata popote unapotaka. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 vyote hivyo vikafa kwa mpigo. Unatakiwa ukodi studio iliyozibwa kelele, ukodi mashine ya kurekodi na fundi wake, mwigizaji akiteleza ulimi mnarudia na kila kurudia kunakula filamu, na ukikata picha unakata na sauti. Na kampuni ya Micheaux ilikuwa imefilisika tayari 1928. Alafu juu yake ukaja mdororo wa uchumi, na Hollywood nayo ikanusa soko, mwaka 1929 peke yake Fox wakatoa Hearts in Dixie na MGM wakatoa Hallelujah, zote za waigizaji Weusi na nyimbo kibao, kwa hela ambazo Micheaux hakuwa na ndoto ya kuzishika. Kampuni nyingi ndogo za filamu za Weusi zilikufa hapo hapo. Yeye akabaki.

Alibaki kwa kukubali hela za Wazungu, Frank Schiffman na Leo Brecher waliokuwa na majumba ya burudani Harlem, mtaa wa Weusi wa New York. Wanaomsema wanasema hapo alipoteza uhuru wake, na kweli baadaye alikosana vibaya na Schiffman. Lakini bila hela ile isingekuwepo The Exile ya 1931, ambayo inatajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya sauti kutengenezwa na Mweusi kwa ajili ya watazamaji Weusi, iliyopigwa Fort Lee, New Jersey. Kiukweli The Exile sio filamu nzuri. Watu wanasimama wameganda kama wanaogopa kusogea mbali na maiki, wanaongea kama wanasoma tangazo, na kila baada ya muda stori inasimama ili wacheza shoo wa klabu wapite. Shoo zenyewe nzuri, kuliko stori, nadhani hata yeye alijua watu wa Harlem wamelipia nini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ten Minutes to Live ya 1932. Hela ya kurekodi sauti ni ndogo, afanyeje? Akaandika muuaji ambaye ni kiziwi na bubu, na sehemu kubwa ya stori yake inaenda kwa barua na vikaratasi. Watu wanasogea, treni zinaenda, binti anakimbia, na hakuna haja ya maiki! Unaweza kuona ni ujanja wa mtu aliyeishiwa, na ni kweli aliishiwa, lakini angalia vizuri utaona ghafla kamera imepata pumzi, inatoka nje, inatembea mitaani, yule dairekta wa 1920 amerudi kwa dakika kadhaa. Kwangu huo ndo ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba tatizo halikuwa kichwa chake, lilikuwa mfuko wake.

Upande wa pili wana hoja hapa na siwezi kuipita. Wanasema mbona studio ndogondogo za Kizungu zilikuwa zinapiga muvi za kauboi kwa wiki moja na hela kiduchu na hatusikii mwigizaji akibabaika? Ni kweli. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na seti zao, mafundi wao wa kudumu, na mtandao wa majumba ya sinema nchi nzima, yeye alikuwa na buti ya gari na kopi chache anazozungusha mji kwa mji. Ila hata hivyo kuna sehemu ni tabia yake. Alikuwa na haraka, teki moja ikipita hata kama mtu amejikwaa anaendelea, na alijua wateja wake watakuja hata hivyo kwa sababu hakuna mwingine anayewaonyesha sura zao. Hapo simtetei.

Kuna wachambuzi waliojaribu njia ya tatu. J. Hoberman mwaka 1980 aliandika makala kuhusu filamu mbovu akamweka Micheaux humo kwa sifa, kwamba ubovu wake unavunja kanuni za Hollywood na kutuonyesha kitu ambacho filamu nzuri inakificha. Naelewa anachosema lakini sikubali. Micheaux hakutaka kuvunja kanuni za Hollywood, alizitaka! Aliwatangaza waigizaji wake kwa majina ya masta wa Kizungu, Lorenzo Tucker akaitwa Valentino Mweusi. Mtu anayehangaika kufikia kitu, ukimsifu kwa kutokukifikia, umemnyima hata haki ya kushindwa.

Basi tuje kwa mwandishi, na hapa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu karatasi na wino bei yake haikupanda sauti ilipoingia. Alichoandika alikitaka.

Mwaka 1930 alitoa A Daughter of the Congo, yenye sauti sehemu tu. Stori: binti chotara mzuri amekulia porini Afrika, anakamatwa na Waarabu wawinda watumwa, anaokolewa na afisa Mweusi wa jeshi la Marekani aliyeko Liberia. Sisi ambao historia ya misafara ya watumwa kutoka Kongo mpaka pwani ni historia ya nyumbani tunaona mara moja kwamba Afrika pale ni pazia la nyuma tu, wenyeji ni washenzi wa kupamba na anayestahili kuokolewa ni mwenye rangi ya maji ya kunde. Na wala sio sisi wa leo tunaomwonea kwa macho ya leo, mwaka huohuo Theophilus Lewis wa gazeti la Amsterdam News la Harlem alimshukia kwa jambo hilohilo, kwamba kwenye filamu zake uungwana umepewa watu weupe weupe na uovu umepewa walio weusi tii. Mhakiki Mweusi, gazeti la Weusi, 1930. Kwa hiyo ule utetezi wa kwamba zama zilikuwa hivyo haushiki.

Alafu ikaja God's Step Children ya 1938. Naomie, mtoto mweupe wa ngozi aliyelelewa na mama Mweusi, anakataa kusoma na Weusi, anamtemea mate mwalimu, anaingizwa kwenye ndoa na mkulima mweusi mwenye roho nzuri, anamwacha yeye na mtoto, anakwenda kujipitisha kama Mzungu, na mwisho anajitupa mtoni. Ilipoonyeshwa New York kwenye jumba la sinema la RKO watu waliandamana, wakiwemo National Negro Congress, umoja wa kutetea haki za Weusi, na vijana wakomunisti, na ikatolewa. Wanaoitetea wanasema filamu inamlaani Naomie, kwa hiyo inapinga ubaguzi wa rangi ndani ya Weusi wenyewe, na hiyo sio hoja ya kubeza, yule mkulima mweusi ndo mtu muungwana kuliko karibu wote mle. Lakini humohumo kuna kijana shujaa Jimmie anayetoa mahubiri kwamba Weusi wengi hawafikirii kesho, na hakuna mtu kwenye filamu anayemjibu. Hapo sio Naomie anayeongea, ni Micheaux. Ni yule mkulima wa South Dakota aliyekitoa kitabu chake cha kwanza cha 1913 kwa heshima ya Booker T. Washington, kiongozi wa Weusi aliyehubiri kujikwamua kwa kazi, na anayeamini kwamba aliyejituma anapata na asiyepata hakujituma. Amewahi kuonyesha mti wa kunyongea watu kwenye skrini, na bado miaka 18 baadaye anaandika kana kwamba kinachowarudisha watu nyuma ni uvivu. Hilo linaniuma kuliko taa zake zote mbaya.

Ajabu ni kwamba mwandishi huyohuyo ndo ana Murder in Harlem ya 1935. Aliichukua kesi ya kweli ya Leo Frank ya Atlanta ya 1913, meneja wa kiwanda aliyehukumiwa kwa kumuua binti mfanyakazi wake, ambayo alishaitumia kwenye filamu ya kimya ya 1921, akaihamishia Harlem: binti wa Kizungu amekutwa amekufa kiwandani, mlinzi Mweusi anashikwa, na tukio la usiku ule tunalirudia kupitia midomo ya mashahidi tofauti, kila mmoja na lake. Wakili anayemtetea mlinzi, Henry Glory, ni mwandishi aliyekuwa anauza vitabu vyake mlango kwa mlango ili asome sheria. Seti ni zilezile za bei rahisi, waigizaji wanayumba vilevile, ila skripti imesimama na inajua inamtuhumu nani. Ukiwa na mashaka kama Micheaux alijua kuandika, anza na hiyo.

Udhaifu wake mwingine ni kurudia. Stori ya mkulima Mweusi South Dakota anayempenda jirani wa Kizungu, kisha inagundulika binti ana damu ya Kiafrika na vikwazo vinayeyuka, aliifanya 1919, akaifanya tena kwenye The Exile 1931, na baada ya miaka minane bila kutoa filamu, akiandika riwaya, akairudia 1948 kwa The Betrayal, zaidi ya saa tatu, ikafunguliwa New York na wahakiki wakaichana. Wapo wanaosema ni jeraha lake lilikuwa halijapona na mtu ana haki ya kurudi kwenye jeraha lake. Sawa, ila mara zote tatu anakwepa swali lilelile, je, kama binti angekuwa Mzungu kweli, ingekuwaje?

Alifariki 1951 Charlotte, North Carolina. Na kuna jambo moja ambalo wabishani wengi hawalihesabu. Kati ya filamu zote zile zimebaki kama 15, na za kimya kati ya hizo ni tatu tu, nayo Within Our Gates yenyewe ilipatikana Hispania ikiwa na jina la La Negra. Nyingine ni Body and Soul ya 1925, filamu ya kwanza ya mwimbaji na mwigizaji Mweusi Paul Robeson, yuleyule ambaye baadaye alikwenda kusoma Kiswahili London. Maana yake tukisema Micheaux alikuwa dairekta mbovu tunahukumu zaidi kwa filamu alizopiga akiwa amefilisika, wakati zile za miaka yake ya nguvu karibu zote zimeoza au zimepotea. The Homesteader hatuna, The Betrayal nayo hatuna. Siku kopi ya The Homesteader ikiibuka kwenye ghala la mtu huko Ulaya, kesi ya dairekta itafunguliwa upya kabisa. Ya mwandishi sidhani, maana riwaya zake tunazo na zinasomeka mpaka leo.