Dubu wa Asali Kamla Punda

Jamani, mimi nina kesi na dubu.

Jumamosi mama watoto kaenda kicheni pati Mbagala, kaniachia watoto watatu, sufuria la wali na onyo: "Sitaki kukuta watoto wameshika simu." Sawa. Nikachukua flashi, nikaenda kwa yule kijana wa kona anayetuwekea muvi. "Dogo, niwekee katuni. Ya watoto, isiwe na mambo mambo." Ananiuliza katuni gani. Mimi katuni nazijulia wapi? Nikakumbuka begi la shule la kitinda mimba wangu lina picha ya dubu wa njano, kavaa fulana nyekundu imeishia kitovuni, chini hana kitu. Nikamwambia, "Yule dubu mla asali." Akasema, "Ipo bosi, tena siyo ile ya zamani." Hapo ndipo ningestuka.

Na kweli ilianza kistaarabu. Michoro, msitu, katoto ka kizungu kanacheza na wanyama, sauti nzito inasimulia kwa Kiingereza. Kitinda mimba, miaka mitano, kila baada ya sekunde mbili: "Baba, anasemaje?" Kiingereza changu mnakijua, ni cha kuulizia bei. Nikajiongeza. "Anasema yule kijana kakua, anaenda kusoma mjini, anawaaga wenzake." Kumbe nimepatia! Nikapata kiburi. "Sasa imekuja baridi, chakula kimeisha, wanajadiliana nani aende sokoni."

Mara punda simwoni.

"Baba, punda yuko wapi?"

"Kaenda sokoni."

Wa kwanza, yuko kidato cha tatu, akageuka polepole kunitazama. "Baba, wamemla."

Kabla sijajibu michoro ikaisha, wakaja watu wa kweli. Dubu kumbe ni jitu la miraba minne, limevaa uso wa mpira, na lina rafiki yake nguruwe. Wale waliokuwa wanakula asali msituni sasa wanakula watu. Nikarukia rimoti. Rimoti yetu imefungwa mpira wa manila, betri zake nimeshazing'ata mara tatu, haifanyi kazi mpaka uigonge pajani. Nikaigonga. Ikaongeza sauti. Nikaigonga tena, ikaongeza tena. Mtaa mzima unasikia mwanamke anapiga mayowe sebuleni kwangu, na wanajua mke wangu hayupo.

Halafu kuna kitu sikielewi. Yule dubu hakimbii. Anatembea kama mtu anayeenda msibani, lakini anawapata watu wanaokimbia kwa nguvu zao zote. Mimi daladala ya Gongo la Mboto naiona imesimama, naikimbilia, naikosa! Na hao wanaoliwa nao, wakisikia kitu kimelia gizani wanakifuata, tena wanakiuliza "wewe ni nani?" Sisi kitu kikigonga bati usiku unageukia ukutani, unavuta shuka, asubuhi ndiyo unauliza jirani kama naye kasikia.

Watoto wangu je, waliogopa? Wanacheka. "Baba, ona shingoni, mpira umeachia!" Aliyekuwa amepandisha miguu juu ya kochi ni mimi.

Wa kwanza akatoa simu, ile iliyokatazwa, akaanza kunisomea. Kumbe kisa ni mambo ya mirathi. Huyo dubu anaitwa Winnie-the-Pooh, kitabu chake kilitoka 1926, kaandika Mwingereza, A. A. Milne. Miaka ya 1960 Disney wakamfanya katuni. Sasa kule Marekani kitabu cha zama hizo kikitimiza miaka 95 haki miliki inakwisha, kinakuwa kama kiwanja kisicho na mwenyewe, anayewahi anapiga msingi. Tarehe 1 Januari 2022 dubu akawa wa wote. Wajanja wa Uingereza wakawahi, 2023 muvi ikaingia sinema. Imetengenezwa kwa pesa isiyofika dola laki moja, ikaingiza zaidi ya dola milioni tano. Kwa uso wa mpira!

Ila fulana nyekundu ya kwenye katuni wakaikwepa, kuogopa kushtakiwa. Nikamwambia rudia. Karudia. Yaani kuua watu ruhusa, fulana ndiyo kesi. Na chui milia wao, Tigger, naye hayumo, maana aliingia vitabuni 1928 na muda wake ulikuwa bado. Wakamngoja kwa adabu zote, wakamtia kwenye ya pili, 2024. Mwaka huohuo hii ya kwanza ikabeba tuzo tano za Razzie, zile za kuzomea ubovu, ikiwemo ya filamu mbovu kuliko zote. Yaani hata niliyoibiwa nayo usingizi ilikuwa mbovu.

Nikauliza nani anafuata. Eti Mickey yule wa kwanza, wa 1928, naye kashaachiwa, na muvi za kutisha zimeshatoka. Panya wa darini kwangu wananitosha.

Sema nisiwasingizie wazungu tu. Bibi yangu Muheza alikuwa anatukusanya kwenye koroboi, anatupa zimwi linalomeza kijiji kizima na mbuzi wao, halafu anafunga kitabu: "Haya, kakojoeni mlale." Choo kiko nyuma ya migomba! Tukakojoa kitandani mpaka darasa la nne, akashangaa tuna ugonjwa gani.

Saa tatu umeme ukaisha. Luku, na mimi ndiye niliyesema zilizobaki zinatosha. Choo chetu kiko uani. Nikamwamsha kitinda mimba. "Mwanangu, hujabanwa?"

"Sijabanwa."

"Twende tu, utabanwa."

Kanishika mkono, anatangulia yeye, huku anaimba. Nikamwambia aendelee kuimba mlangoni mpaka nimalize.

Tukiwa tunarudi geti likagongwa. Polepole. Mara tatu. Sikuuliza ni nani, nimeshaona wanaouliza wanaishia wapi. Nikasimama nyuma ya ndoo.

"Fungua basi, nimebeba vitu!"

Ni mama watoto. Kitinda mimba akamkimbilia, akamfungulia, hata hakumwamkia.

"Mama, punda kaenda sokoni."

Mama watoto akanimulika na tochi ya simu, pale pale nyuma ya ndoo.

"Punda gani?"