Mto wa huku unasomwa kama saa

Jana jioni nimetoka kazini, manyunyu yananidondokea, nikapita ukingoni mwa mto Rhine hapa Köln, Ujerumani. Pale mji wa kale pana mnara wenye uso kama wa saa, ila mishale yake inaonyesha kimo cha maji ya mto: mita na desimita. Nilisimama nikiutazama mpaka koti likalowa. Watu wa hapa wanajua maji yakifika mita 8.30 meli zote zinasimama, na kabla ya hapo kuta za kuzuia mafuriko zimeshaanza kupangwa. Wao wanalala.

Wapokomo wenzangu wa mto Tana, Kenya, mnajua kwa nini nilisimama. Novemba 2023 mamangu alinipigia saa nane usiku. "Mto umeingia jikoni." Nyuma ya sauti yake nasikia kuku, watoto, na maji yenyewe. Kijijini kwetu hakuna aliyekuja kuwaambia lolote. Na maji hayo, kutoka mabwawa ya juu hadi kwetu chini ya Garsen, huchukua siku kadhaa. Siku! Simu moja tu ingetosha.

Najua mtakaloandika hapo chini: ameonja Ulaya, sasa Tana haimtoshi. Sivyo. Babu yangu alikuwa na saa yake ya mto. Alichomeka ufito kwenye tope pale tunapofunga mitumbwi, akautia alama kwa panga, na kila alfajiri kabla ya uji alishuka kuutazama. Aliyajua mafuriko ya masika na ya vuli, akajua shamba lipi litiwe mpunga maji yakishuka na lipi lingoje. Wamishonari wa Kijerumani walipofika Ngao mwaka 1887 walitukuta tukilima hivyo. Kenya nzima husimama wima kwa wimbo wa taifa ambao tuni yake ni ya mama wa Kipokomo akibembeleza mtoto, halafu mtu aje aniambie sisi hatuna chetu?

Hesabu ya babu iliharibiwa huko juu. Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mto haufuati mvua peke yake. Mwaka mmoja gharika haiji, mpunga unakauka. Mwaka mwingine mabwawa yanajaa mpaka yanamwaga, yanashuka yote kwa mpigo. Ufito hausomi bwawa. Vijana wakaona wazee wanakosea, wakaacha kuuliza, wakanunua pampu za dizeli.

"Basi hameni ukingoni." Hili ndilo linalonichoma. Mwaka 1995 Rhine ilipanda hapa hadi mita 10.69, na mji haukuhama, umejengewa kuta. Sisi tuhame twende wapi, tulime nini? Umeme wa mto wetu unawaka Nairobi, na mamangu anapikia mwanga wa taa ya sola.

Wala siombi mnara. Aliye bwawani aseme maji kiasi gani yanateremka na lini yatafika, redio isome kwa Kipokomo na kwa Kiorma kabla watu hawajalala, na wazee wa Gasa, baraza letu la Wapokomo, waambiwe mapema ili nao waje na wanayoyajua.

Juzi mamangu ameniuliza, mimi niliye Ujerumani, kama mwezi huu apande mpunga kule ng'ambo au angoje. Ufito wa babu ulikwenda na maji yale ya Novemba, na hakuna aliyechomeka mwingine.