Kiti cha kilo 1.7

Leo nimepiga deki sebuleni kwa bibi ninayemlea hapa Milano, nikanyanyua kiti cha mezani kwa vidole viwili, nikakipandisha juu ya meza, nikarudia kingine, na hapo ndo hasira zikanipanda. Vidole viwili jamani! Vile viti vya mninga alivyochongewa mama kule Keko, Dar, ukiburuta kimoja vigae vinalia, kiuno kinalia, ndo maana chini ya meza yetu hapajadekiwa vizuri tangu tuhamie.

Bibi kaniambia hiki ni Superleggera cha Gio Ponti. Nikamsoma. Kumbe msanifu majengo wa hapahapa Milano, kazaliwa 1891, kaanzisha jarida la Domus 1928, na lile ghorofa la Pirelli la mita 127 jirani na stesheni kuu, ninalolipita kila siku, kalichora yeye na wenzie. Mtu wa maghorofa! Halafu akahangaika na kiti, 1952 akatoa kimoja kikaitwa Leggera, yaani chepesi, hakuridhika, akaendelea kupunguza mbao na watu wa Cassina, kampuni ya samani, mpaka 1957 kikafika kilo 1.7, miguu ina unene wa milimita 18. Wala hakukianzisha yeye, alichukua kiti cha mafundi wa Chiavari, mji wa pwani huko, kikalio cha henzerani kama mnazozijua.

Najua mshaanza, "huyu kafika Ulaya juzi anatudharau". Namdharau nani? Fundi wa Keko mkono anao, mpe mninga akuchongee maua uone. Tatizo sisi wateja, ubora tunaupima kama gunia la mkaa, kikiwa chepesi tunasema feki, tunamwonyesha picha kwenye simu "nataka kama hiki", nani kawahi kumlipa akae miaka afikirie kiti kimoja? (Na yeye naye advansi kala, kiti njoo Ijumaa, Ijumaa ya mwaka gani hasemi.)

"Kitavunjika shemeji akikaa." Haya, mtoto wa bibi huyu akija Jumapili anajaa mlangoni, anakalia hikihiki, anakula tambi sahani mbili na kuegemea nyuma, kimya, hata kulia hakilii.

Nikamrekodi mama video nikikinyanyua. Kanijibu kwa voisi, anacheka: "Sasa mwanangu, hicho si mwizi anakibeba na kidole kimoja?"