Shangazi Kasikia Nyoka

Kigari changu cha Kijapani, cha mwaka 1997, kilikosa sailensa, yaani injini haikutulia gari likisimama. Kikiwa barabarani huwezi kujua kama kinaumwa. Simama sasa! Mshale wa mizunguko ya injini unaotakiwa utulie kwenye 700 hivi unapanda mpaka 1,400, unaporomoka, unapanda tena, vuu… vuu… vuu, na kioo cha ndani kinatetemeka mpaka bodaboda iliyo nyuma yako unaiona mbili.

Fundi wangu wa Makorora, hapa Tanga, alishabadilisha plagi na kusafisha throtoli, kilango cha kupitishia hewa ya injini. Akachomoa waya za plagi mmoja mmoja injini ikiwaka. Kila akichomoa injini inalegea, maana yake silinda zote nne zinafanya kazi. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya kupimia, la TE1 na la E1 (gari za zamani hizo hazina haja ya mashine ya kupimia), taa ya injini ikapepesa haraka haraka, mapigo sawasawa.

"Kompyuta haijaona kosa," akasema.

Sawa, ila kompyuta haijawahi kukaa foleni na mimi.

Jumamosi moja shangazi akataka nimpeleke harusini Raskazone. Kajifukiza udi mpaka viti vikanukia. Tulipofika Ngamiani, barabara ya 12, akashuka kununua vikuba. Mimi nikaacha injini inawaka, maana kuwasha upya ilikuwa kesi nyingine. Aliporudi alipita mbele ya boneti, akasimama. Akainama.

"Mwanangu, zima gari. Humu mna nyoka."

"Shangazi, hiyo ni injini."

"Injini inasema ssss? Kimanga changu ni cha lini nisijue nyoka?"

Mpaka leo sijajua Kimanga kinahusiana vipi na nyoka. Lakini neno lilishatoka mdomoni, na Ngamiani neno likitoka halirudi. Tanga baiskeli ni nyingi, na kila mwenye baiskeli siku hiyo alikuwa na nafasi. Muuza kahawa akatua birika. Mzee mmoja akaja na panga, kulitoa wapi sijui. Mtu akafungua boneti bila kuniuliza, wote wakaruka nyuma, kisha wakarudi na shingo ndefu.

Na kweli bwana, mlio ulikuwa unasikika. Ssss! Juu ya injini, nyuma kidogo.

Kijana muuza mihogo akapenyeza fimbo, akaona kitu cheusi kimejikunja, akakicharaza. Kikachomoka. Injini ikapiga ukelele, ikakohoa, ikazima.

"Kafa!" umati ukashangilia.

Kijana akamwinua marehemu kwa ncha ya fimbo. Mpira. Kampira keusi kenye kona, kanakotoka kwenye kifuniko cha injini kwenda kwenye manifodi, bomba la kuingizia hewa. Upande wa chini, ambao hauonekani mpaka ukachomoe, kalikuwa kamepasuka.

Nilimpigia fundi, akaja na baiskeli yake. Alipoona ule ufa akacheka hadi akaegemea taa. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi, isiyopita kwenye throtoli. Kompyuta ikiona hewa imezidi inaongeza mafuta, mizunguko inapanda. Halafu inaona throtoli imefungwa, inadhani nateremka mlima, inakata mafuta, mizunguko inaanguka. Ukikanyaga mafuta hewa inayoingia kihalali inakuwa nyingi, ya wizi haionekani. Na kwa kuwa vihisishi vyote vizima, hakuna kosa la kuandika. Akakata mpira mpya, akafunga klampu mbili, akawasha. Mshale ukasimama kwenye 700 ukatulia tuli.

"Haya, nani kagundua?" shangazi akauliza, mikono kiunoni.

Fundi akakiri ni shangazi. Shangazi akadai sehemu yake ya ufundi, na akapewa, elfu mbili, akazifunga kwenye pembe ya leso. Nikamfungulia mlango tuwahi.

"Siingii."

"Shangazi, si umeona mwenyewe ni mpira!"

"Huyo mliyemuua ni mpira. Nyoka wanatembea wawili wawili. Wa pili yuko wapi?"

Umati ukaguna, ukamuunga mkono. Hakukubali kupanda mpaka yule mzee wa panga alipoleta kichupa cha mafuta ya taa, akanyunyiza chini ya viti, na kwenye mazulia, na kidogo pembeni ya leso ya shangazi kwa tahadhari.

Raskazone tulifika gari likinguruma kwa adabu. Wanawake wakampokea shangazi kwa vigelegele, wakamkumbatia, wakaanza kunusa.

"Shoga, leo umejifukiza udi gani huu?"

"Wa kisasa," akajibu, akapita ndani.