Upasuaji wa watoto: Bombo ijengewe uwezo, au rufaa ziendelee Muhimbili?

Mtoto akizaliwa Lushoto au Kilindi bila njia ya haja kubwa, tumbo huanza kujaa ndani ya siku moja au mbili. Kutoka Tanga mjini hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 350, kupitia Segera. Wanaotaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, iliyoko Tanga mjini, iwe na kitengo chake cha upasuaji wa watoto huanzia hapo, na ni vigumu kuwabishia: sensa ya 2022 iliupa mkoa wa Tanga watu milioni 2.6.

Upande wa pili nao una uzito. Kasoro hiyo humpata mtoto mmoja hivi kati ya 5,000. Bingwa anayekutana nayo mara chache kwa mwaka hawezi kuwa na mkono mwepesi kama wa yule anayepokea rufaa za nchi nzima. Muhimbili ndiko pia wanafunzi wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo, wanakojifunzia. Kesi zikitawanywa, wao watajifunza kwa nani?

Mimi naona tumekimbilia mno swali la nani ashike kisu. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2021, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, ulikuta kwamba watoto wenye kasoro nyingine, waliozaliwa utumbo ukiwa nje, walifariki 9 kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini. Katika nchi tajiri, vifo vilikuwa asilimia 1.4. Kisu peke yake hakielezi pengo hilo. Kuna joto la mwili, maji, lishe ya mshipani, maambukizi, mtaalamu wa usingizi anayemudu kichanga cha kilo mbili, na muuguzi wa usiku. Mtoto akifika Dar amepoa na amekauka, bingwa hana mengi ya kufanya.

Kwa hiyo ningeanza Bombo na wauguzi wa vichanga na watu wa usingizi. Daktari wa upasuaji wa jumla aliyefundishwa vizuri anaweza kumfungulia mtoto kolostomi, yaani choo kitokee tumboni, kisha njia yenyewe itengenezwe Muhimbili baada ya miezi kadhaa, kwa miadi. Lakini kolostomi si jambo dogo: ngozi huchubuka, mifuko ya kukingia choo ni ghali, majirani husema. Na ikiwekwa vibaya humharibia kazi bingwa wa baadaye.

Wanafunzi wa ubingwa waje Tanga kwa zamu, ila waje na msimamizi. Bila yeye watakuwa vibarua tu. Utafiti nao usibaki Dar. Korogwe ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa hiyo kumfuatilia mtoto hadi kijijini si kazi ngeni mkoani humu. Rejista ya Muhimbili humwandika aliyefika. Aliyeishia zahanati, au aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa nauli, anapaswa kuhesabiwa kutokea huku, kabla hatujaamua kitengo kikubwa kijengwe wapi.