Alijua Alichokifanya, Lakini Alikuwa Mgonjwa

Mwanamke anapomuua mtoto wake wa kumzaa, watu huuliza kwanza kama alijua alichokuwa akifanya, na ndilo swali ambalo mahakama za nchi nyingi zimerithi kutoka Uingereza, katika kanuni za M'Naghten za mwaka 1843, zinazouliza kama ugonjwa wa akili ulimfanya mtu asijue alichokuwa akifanya, au asijue kwamba ni kosa. Naona swali hilo ni finyu mno kwa saikosisi ya uzazi, yaani wazimu unaompata mama baada ya kujifungua.

Andrea Yates, mama wa watoto watano huko Texas, Marekani, aliwazamisha wote katika bafu tarehe 20 Juni 2001. Kisha akapiga simu polisi mwenyewe. Simu hiyo ikawa silaha ya waendesha mashtaka: kama hakujua kwamba ni kosa, aliwaita polisi wa nini? Lakini huyu alikuwa amekwisha kujaribu kujiua na kulazwa hospitalini zaidi ya mara moja, na aliamini kwamba kwa kuwaua watoto wake alikuwa akiwaokoa na jehanamu. Mtu anaweza kujua fika kwamba sheria inakataza jambo, na papo hapo akili yake iliyougua ikamwambia kwamba asipolitenda ataleta balaa kubwa zaidi. Mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu ikatenguliwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Ushahidi wa maradhi yake ulikuwapo tangu mwanzo.

Saikosisi ya uzazi huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, aghalabu ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali hata mtoto anapolala, huzungumza mfululizo, au husema kwamba mtoto huyu si wake, amebadilishwa. Wengi hawamdhuru mtu yeyote, na wakitibiwa mapema hupona. Uingereza ilikubali tangu mwaka 1922 kwamba mama wa namna hii asishtakiwe kama muuaji wa kawaida, na sheria ya 1938 ikapanua kinga hiyo hadi mtoto atimize miezi 12. Yates angeikosa kwa watoto wake wanne wakubwa, kana kwamba ugonjwa hutazama tarehe ya kuzaliwa.

Hata hivyo, si kila mwanamke anayeua ni mgonjwa, na neno hilo nalo linaweza kuficha mambo. Kiranjit Ahluwalia, aliyemchoma moto mumewe huko Uingereza mwaka 1989 baada ya miaka kumi ya kupigwa, alishinda rufaa mwaka 1992 kwa sababu ya ushahidi wa sonona, ilhali hoja yake ya kuchokozwa ilikataliwa. Nafurahi kwamba aliachiwa, ila inaniuma kwamba majaji waliusikia ugonjwa wake kwa wepesi zaidi kuliko walivyoyasikia yale mapigo.