Hongera Zenu Hazimsaidii Mchoraji

Wiki iliyopita mchoraji mmoja wa hapa Kigoma alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya kazi yake mpya: mitumbwi ya dagaa katikati ya Ziwa Tanganyika, karabai zinawaka, na mwezi mpevu umetawala anga. Picha haijafunguka vizuri kwenye simu yangu, tayari zilikuwa zimemiminika "hongera kaka", "unatisha", "Mungu akuinue", pamoja na vile vialama vya moto tunavyovigawa siku hizi kama njugu.

Baadaye mchoro huo ukatundikwa kwenye baraza ya duka moja pale Mwanga. Mzee mmoja, mvuvi wa Kibirizi aliyefuata vocha, aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hawa wanavua nini na mbalamwezi yote hii?" Kila aliyekulia ufukweni anajua kwamba dagaa hufuata taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukiwa mkali karabai hazina tena nguvu ya kuwakusanya, ndiyo maana wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Sisi tunaokula dagaa hao karibu kila siku hatukuliona jambo hilo, au tuliliona tukanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniudhi zaidi. Mchoraji ana haki ya kuubakiza mwezi wake, kwa kuwa sanaa si taarifa ya idara ya uvuvi, lakini sasa ataubakiza kwa kukusudia.

Nakiri, shingo upande, kwamba simu hufikisha mchoro Kasulu na hata Oslo bila nauli. Lakini Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, aliuza kazi zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako aliweza kumwona kwa macho yake anayesimama na anayepita. Hata hivyo, wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, na mgeni hatakwambia lolote kuhusu mbalamwezi.

Mchoraji wetu na aubebe mchoro wake asubuhi hadi Kibirizi, dagaa wanapoanikwa, wala asiulize "mnauonaje?", swali ambalo kwa adabu zetu lina jibu moja tu. Aulize: "Ni kitu gani hapa kimekaa vibaya?" Akijibiwa, asianze kujitetea.